Homa Bay haijatunyang'anya bahari yetu

Tangu sherehe za kitaifa za Madaraka zifanyike Homa Bay Juni 1, 2025, kila nikizungumza na watu wa nyumbani swali huwa ni lile lile. Kauli mbiu ya mwaka huo ilikuwa uchumi wa buluu na masuala ya bahari. Waziri aliyekabidhiwa wizara hiyo, Hassan Joho, ni mtoto wa Mombasa. Bahari iko kwetu, bandari kuu iko kwetu, mikoko iko kwetu. Vipi basi sherehe ikapelekwa ziwani? Binamu yangu wa Kisauni hakuzunguka. Aliniuliza: "Wewe uliye huko tuambie, hao wamepata nini ambacho sisi hatukupata?"

Nataka kulijibu swali hili hadharani, kwa sababu naona manung'uniko yetu yanatupeleka njia siyo. Mimi ni fundi wa majokofu, mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wa tatu naishi Homa Bay. Kazi yangu hunipeleka Mbita, Sindo na Kendu Bay, na mara nyingine huvuka mpaka wa kaunti hadi Sori na Muhuru Bay upande wa Migori. Nafungua mashine za barafu, natengeneza friji za wauza samaki, na nikingoja vipuri hukaa na watu nikazungumza. Jibu langu fupi ni hili: Homa Bay ilipata siku moja ya heshima, uwanja wenye jina la Raila Odinga, na barabara kadhaa zilizotengenezwa kwa haraka. Mtu anayeishi kwa samaki ukingoni mwa maji bado anaishi kama alivyokuwa akiishi, na maisha yake yanafanana na ya mvuvi wa Shimoni au Kipini kuliko tunavyodhani.

Mtu wa pwani akifika hapa kwanza hudanganywa na macho. Anaona maji hadi upeo, mashua, nyavu zilizoanikwa, furukombe juu ya mti, na moyo unamwambia amefika nyumbani. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800. Sehemu ya Kenya lakini ni kama asilimia 6 tu. Tanzania ina karibu nusu, na iliyobaki ni ya Uganda. Katika kipande hicho chetu kidogo, Homa Bay ndiyo yenye ukingo mrefu kuliko kaunti nyingine. Ndiyo maana hapa habari za siku huanza na samaki: mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, ngege, ambaye wao humwita sato, na omena, dagaa wa ziwani.

Siku chache baadaye anagundua kuna kitu kimekosekana. Maji hayapwi wala hayajai. Hakuna bamvua wala maji mafu. Mvuvi wa kwetu hupanga kazi yake kwa maji, na mwaka wake kwa kusi na kaskazi. Mvuvi wa omena hupanga kwa mwezi. Usiku wa giza huingia na taa, samaki wakavutwa na mwanga. Mwezi ukipevuka hupumzika. Ukiwa mlimani Mbita usiku wa giza, utadhani kuna mji wa pili juu ya maji. Na kwa kawaida, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Miezi hiyo duka linalouza sukari hujua, mwenye boda boda hujua, hata mwalimu anayengoja karo hujua.

Mgeni hapa hachukui muda kuwa mwenyeji. Kendu Bay, mji mkongwe wa bandari, una msikiti wa miaka mingi na Waislamu wa vizazi kadhaa, Wajaluo wakiwemo, na Ijumaa nikiwa upande ule sijihisi nimetoka kwetu. Homa Bay mjini kuna mtaa unaoitwa Shauri Yako. Jina la Kiswahili kabisa, na mara ya kwanza nilicheka. Lakini ukikaa utaona kwamba neno hilo ndilo watu wa ukingoni wamekuwa wakiambiwa kwa muda mrefu, huku na kwetu pia. Samaki ameoza? Shauri yako. Maji yamekatika? Shauri yako. Diko limeuzwa? Shauri yako.

Tusidhani mambo haya ni ya Afrika peke yake. Uingereza, nchi tajiri, ina maradhi haya haya. Miji kama Blackpool na Margate ilikua kwa watu wa mapumziko waliofika kwa treni. Ndege za bei nafuu zilipoanza kuwapeleka Hispania kwenye jua, wageni walipungua, na nyumba nyingi za wageni zikageuzwa vyumba vya kupangisha watu wa kipato cha chini. Mwaka 2019 kamati ya Baraza la Malodi ilitoa ripoti nzima kuhusu hali ya miji hiyo ya pwani. Mwaka 2021 Profesa Chris Whitty, mganga mkuu wa serikali, aliitoa ripoti yake ya mwaka kwa ajili ya afya ya watu wa pwani, akaonyesha kwamba wana mzigo mkubwa wa maradhi na umri mfupi kuliko wenzao, na kwamba madaktari na wauguzi hawatoshi kule. Jaywick, kijiji kilicho ufukweni karibu na Clacton, kilitajwa kuwa eneo fukara kuliko yote Uingereza katika orodha rasmi za 2010, 2015 na 2019.

Sababu zake hazihitaji elimu kubwa. Mji wa ukingoni una majirani upande mmoja tu. Upande wa pili ni maji. Barabara huishia pale. Kazi ni za msimu. Kijana aliyesoma huondoka, na daktari aliyepangwa kule hutafuta uhamisho. Anayekuja kutembea huona machweo, apige picha, aondoke na sifa. Anayebaki ndiye anayejua bei ya kuishi pale. Kwa hiyo tukisikia "uchumi wa buluu" tusiulize kwanza maji ni mengi kiasi gani au sherehe imefanyika wapi. Tuulize mambo matatu kuhusu pale mashua inapofunga kamba.

La kwanza ni ardhi. Nani anamiliki pale samaki wanaposhushwa? Huku huita bichi, kwetu tunaita diko au bandari. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu maziwa, mito, na ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Ni kifungu kizuri, lakini mvuvi haishi ndani ya maji. Anahitaji pa kuvutia mashua, pa kuanika nyavu na omena, pa kupimia samaki, choo, na njia ya kufika barabarani. Vyote hivyo viko juu ya alama ya maji, na hapo ndipo hati miliki za watu binafsi huanzia. Watu wa Mombasa na Kilifi hawahitaji kuelezwa. Tunajua njia ngapi za kushukia ufuoni zimebaki vichochoro kati ya kuta mbili za hoteli, na ngapi hazipo tena.

Ziwani kuna taabu ya ziada. Baharini maji yakijaa unajua baada ya saa sita yatakuwa yamepwa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na lilipopanda likakaa. Vibanda vya samaki, vyoo na nyumba za ukingoni vikabaki majini kwa miezi. Nyatike, mto Kuja ukifurika, watu wa chini huhama na mifugo yao. Kisha kuna magugu maji, yaliyoanza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Upepo ukiyasukuma, ghuba iliyokuwa wazi jioni inaamka imezibwa, na mashua haitoki. Bichi ikizama au ikizibwa, wavuvi hulazimika kusogea kwa jirani. Ikiwa jirani ana hati na ua wa seng'enge, wasogee wapi?

Mfano mkubwa wa thamani ya pa kukanyaga ni Migingo. Ni mwamba wa takriban nusu ekari, Kenya ikiuhesabu kuwa wa Nyatike, Migori, na Uganda ikiudai pia. Wamejazana watu pale, mabati yamegusana, kwa sababu mmoja tu: mbuta wako maji ya karibu. Serikali mbili zimevutana kwa miaka, timu ya pamoja ya upimaji ikaundwa 2009, na hadi leo mvuvi wa Muhuru Bay anapotia mashua majini hana hakika ataulizwa na polisi wa nchi gani. Bahari yetu nayo ina kesi yake. Bandari mpya ya Lamu ilipojengwa, wavuvi walipoteza maeneo waliyoyarithi kwa wazee wao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi takriban 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Yaliyofuata ni mazungumzo marefu, kiasi gani kiwe pesa taslimu na kiasi gani kiwe mashua na vifaa. Hukumu ile iliweka wazi jambo moja: mvuvi ana haki hata kama hana hati.

La pili ni bei. Nani anaipanga saa ya kwanza baada ya mashua kufika? Hapa naongea kama fundi. Samaki bila barafu ni mali inayokufa mkononi. Mama mmoja wa Sori aliniambia, "Fundi, mimi naweza kungoja bei nzuri, lakini jua halingoji." Mwenye gari la barafu analijua hilo, ndiyo sababu husimama kando asiseme neno mpaka saa nne ya asubuhi. Nimefungua vyumba vya baridi vilivyojengwa vizuri, vikazinduliwa kwa hotuba, na ndani nikakuta kompresa ambayo haijawahi kuzunguka. Mara stima haikufikishwa, mara stima ipo lakini hakuna aliyepangiwa kuilipa, mara kifaa cha shilingi elfu chache kimeharibika na hakuna bajeti ya kukibadilisha. Kujenga hupata kamera, kutunza hakupati.

Matokeo yake yanaonekana sahani ya mwenyeji. Minofu ya mbuta huenda viwandani na kusafirishwa hadi Ulaya. Kibofu chake cha hewa, ambacho Watanzania huita bondo, hununuliwa kwa bei kubwa na kupelekwa China. Na mifupa iliyobaki na kichwa, ile tunayoita mgongo wazi, ndiyo hukaangwa na kuuzwa mitaani. Sehemu kubwa ya omena huishia kwenye chakula cha kuku. Wakati huo huo sokoni utakuta samaki waliogandishwa kutoka China. Vizimba vya kufugia samaki vimeongezeka sana ziwani miaka hii, na vimeleta kazi, lakini mwenye vizimba ni mwenye mtaji wa chakula na vifaranga, na mvuvi mdogo mara nyingi huingia kama kibarua.

Kwetu pwani mpango ni huo huo kwa majina mengine. Kuna tajiri, aliyemkopesha mvuvi nyavu na injini, na kwa hiyo samaki wana mwenyewe kabla hawajavuliwa. Kuna mama karanga, anayesubiri mwisho, achukue wadogo na waliobaki, akawakaange. Pesa iko kwa tajiri. Jasho na moshi viko kwa mama karanga. Kama uchumi wa buluu hautampa mama huyu barafu na mkopo wake mwenyewe, basi utakuwa umempa tajiri meli kubwa zaidi, na hayo tu.

La tatu ni mwili wa mtu. Anaoga nini, anakunywa nini, na akiugua anakwenda wapi? Homa Bay unaweza kusimama dirishani ukaliona ziwa lote na mfereji wako mkavu. Wengi huteka ziwani, na ziwani kuna kichocho, na mvua ikisomba vyoo huwa kuna hofu ya kipindupindu. Sisi wa Mombasa tunaoyangoja maji ya Mzima na Baricho huku tumezungukwa na bahari tunaijua kejeli hiyo.

Na kuna jambo zito zaidi ambalo watu huku wamechoka kulisikia likisemwa kwa dharau. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta Homa Bay asilimia 19.6 ya watu wazima wanaishi na virusi vya ukimwi, na Migori asilimia 13, wakati Kenya nzima ni 4.9. Magazeti hupenda kueleza hali hii kwa neno moja, jaboya, yaani mvuvi anayemuuzia mwanamke samaki kwa sharti la mwili wake. Jaboya yupo. Lakini tazama mpango ulivyo: mashua ni ya mwanamume, mnunuzi ni mwanamke, samaki ni wachache, wanunuzi ni wengi, na hakuna barafu ya kumwezesha mama kusema hapana leo na kurudi kesho. Aibu haimpasi mama huyo. Kisumu, katika bichi ya Nduru, wanawake waliposaidiwa kupata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wanaume kuvua, sharti lile lilikosa nguvu. Hakuna mahubiri yaliyofanya kazi hiyo. Ni umiliki wa chombo. Na 2020 maji yalipopanda na kuwahamisha, tuliona pia jinsi mafanikio ya ukingoni yanavyoweza kuondoka wiki moja yakikosa kinga.

Ndiyo sababu nasema Homa Bay haijatunyang'anya kitu. Sherehe ya siku moja haijawaondolea wao maswali haya matatu, wala haingetuondolea sisi kama ingefanyika Mombasa au Lamu. Tukianza kushindana nani mwenye buluu zaidi, kusi na magharibi, anayefurahi ni yule anayetaka kila upande uje peke yake mlangoni kuomba. Mgawo ukiwa mdogo, wataambiwa wa ziwani kwamba wa bahari wamekula, na sisi tutaambiwa kwamba wa ziwani wamekula.

Najua kuna atakayesema ziwa na bahari si kitu kimoja. Kweli. Bahari ina kina, ina meli za kigeni za kukokota nyavu, ina bandari na gesi na watalii. Ziwa ni la nchi tatu na ni maji baridi. Sera za kuvua haziwezi kuwa moja. Lakini haki ya pale mashua inapofunga kamba ni ile ile, na sheria zake ni zile zile. Jedwali la Nne la Katiba linaweka uvuvi chini ya kaunti, na kamati za kusimamia fuo, ambazo kila mvuvi anazijua kwa herufi tatu BMU, ziko Vanga kama zilivyo Muhuru Bay. Chombo cha kusemea kipo pande zote mbili.

Kuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na kuna umoja wa kaunti za ukanda wa ziwa. Sijui kama kuna jambo wangeweza kukubaliana kwa haraka kuliko hili: orodha ya madiko yote, kila moja na mipaka yake iliyopimwa na kusajiliwa kama ardhi ya umma, na hakuna shilingi ya mradi wa uchumi wa buluu kutumika mahali ambapo diko halijasajiliwa. La pili, kila mashine ya barafu ije na bajeti ya stima na ya fundi kwa miaka mitano, iandikwe kabla utepe haujakatwa. La tatu, sehemu ya mikopo ya mashua iandikwe kwa majina ya vikundi vya wanawake wanaouza samaki, iwe mama karanga wa Likoni au mama wa omena wa Sindo.

Kila mwaka kaunti huitisha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, na kila mwaka wengi wetu hatuendi, tukaja kulalamika barazani. Safari hii twendeni na maswali matatu tu: diko letu lina hati? Barafu inafanya kazi? Mfereji na zahanati ya ukingoni viko katika ukurasa gani wa bajeti? Atakayeleta picha za uwanja badala ya majibu, tumwombe aketi kwanza mpaka atakapoupata ukurasa huo.